Kioo Hununuliwa, Mapatano Hujengwa

Mtu aingiapo katika chumba chenye ukuta wa vioo vya kompyuta, vioo sabini au themanini vilivyopangwa safu juu ya safu na kuonyesha picha moja tu, huona mambo mawili mara moja. Huona ukubwa wa picha, na huona uzuri wa vioo. Jambo la tatu halioni, na hilo la tatu ndilo lifanyalo kazi. Nyuma ya ukuta ule liko kundi la kompyuta, na ndani ya kundi hilo imo programu inayozipatanisha ili zisitanguliane wala zisiachane. Programu hiyo ikizimwa, vioo vyote vitabaki mahali pake, vizuri vile vile, lakini havitakuwa na faida kupita vioo vya televisheni vilivyopangwa dukani vikingoja mnunuzi.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za programu hizo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni kazi ya mikono na akili za watu, na kazi isiyoonekana hudharauliwa upesi. Ya pili ni kwamba katika historia fupi ya kuta hizi limo somo kwa kila aliyekabidhiwa fedha za watu wengi ili anunue mtambo. Fedha za kununua kioo hupatikana, hata sherehe ya kukizindua hufanywa; fedha za kumlipa mtu wa kuitunza programu huhesabiwa kuwa gharama isiyo na lazima. Sisi twasema ya kuwa hesabu hiyo imekwenda kombo, na tutajaribu kuonyesha ni kwa nini.

HAJA YA UKUTA

Kila kioo cha kompyuta kimefanyizwa kwa nukta ndogo za nuru, ambazo mafundi huziita pikseli. Kioo cha kawaida cha ofisini kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani jumla ya nukta milioni 2 na kidogo. Kwa kuandika barua au kuweka hesabu za duka, nukta hizo zatosha na kusaza. Lakini yuko mtaalamu mwenye picha ya nchi iliyopigwa na setilaiti, au picha ya ubongo iliyopigwa kwa darubini, na picha hiyo ina nukta mamia ya milioni. Huyu afanyeje mbele ya kioo kidogo?

Anazo njia mbili, na zote zina hasara. Akiipunguza picha ili iingie yote, mambo madogo hupotea, na pengine dogo lililopotea ndilo alilokuwa akilitafuta. Akiikuza ili aone lile dogo, hupotewa na jumla, awe kama mtu atazamaye kijiji kizima kwa tundu la ufunguo: leo aona mlango wa nyumba hii, kesho mti wa uwanja ule, wala hajui kijiji kimekaaje.

Ukuta wa vioo humwondolea shida hiyo. Akisimama mbali huona jumla. Akitaka kuona dogo husogea kwa miguu yake mwenyewe, kama mtu anayekagua ramani iliyotundikwa ukutani. Wachunguzi wa Virginia Tech, chuo kikuu cha Marekani, waliupima mwendo huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Waliona ya kuwa watu waliopewa kioo kikubwa walitembea zaidi mbele yake, wakahangaika kidogo zaidi na vitufe vya kukuza na kupunguza, na kazi zao nyingi zikamalizika upesi zaidi. Miguu na macho ni vyombo vya kale vya kuchunguzia, na ukuta umevirudishia kazi yake.

Tena iko faida nyingine, na kwetu sisi hiyo si ndogo. Mbele ya kioo kimoja cha mezani hukaa mtu mmoja, na wengine huchungulia mabegani mwake. Mbele ya ukuta husimama watu kumi, wote wakiona kitu kile kile kwa wakati ule ule. Mmoja huonyesha kwa kidole, wa pili hubisha, wa tatu huleta ushahidi wake na kuuweka kando ya ule wa kwanza. Hapo picha imekuwa baraza.

ASILI YAKE

Kuta hizi hazikuanza na kompyuta za bei nafuu. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Minnesota kilionyesha ukuta ulioitwa PowerWall, uliokuwa na projekta nne zikitupa picha moja yenye nukta milioni 7 na laki kadhaa. Kazi ya kuchora picha hiyo ilifanywa na mashini kubwa ya kampuni ya Silicon Graphics. Mashini za namna ile zilikuwa za ajabu kwa nguvu na za ajabu kwa bei, na chuo kisichokuwa na fedha nyingi kiliweza kuzisoma gazetini tu.

Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Profesa Kai Li na wenzake walianza kuuliza swali jingine. Kwa nini tumtegemee jitu mmoja, na hali madukani ziko kompyuta ndogo za kawaida ambazo kila mwaka nguvu zake zinaongezeka na bei yake inashuka? Wakazifunga kompyuta hizo pamoja kwa nyaya za mtandao, kila moja ikipewa projekta yake. Walianza na projekta 8, kisha wakafika 24, na picha yao ikawa na nukta milioni 18 hivi. Jitu halikuhitajika tena. Lakini badala ya gharama ya jitu likaja deni jipya, nalo ni deni la mapatano. Mashini moja haihitaji kupatana na mtu. Kompyuta nyingi zisipopatana, huharibu.

Tangu hapo kuta zilikua upesi, hasa vioo vyembamba vilipochukua nafasi ya projekta. Kituo cha Ames cha NASA, huko California, kilikuwa na ukuta wa vioo 49 mwaka 2002, na mwaka 2008 kikajenga mwingine wa vioo 128. Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago kilipanga vioo 55 kupata nukta zaidi ya milioni 100. Irvine walipanga vioo 50, San Diego vioo 70. Mwaka 2008 huko Austin, Texas, ulifunguliwa ukuta uitwao Stallion, wenye vioo 75 na nukta milioni 307, ambao baadaye uliongezwa ukafika vioo 80. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Stony Brook, katika jimbo la New York, kikazungushia chumba kizima vioo 416, na jumla ya nukta ikapita bilioni 1 na nusu.

Hesabu hizo ni tamu kusikia, na ndizo zilizoandikwa sana magazetini. Hesabu zilizo muhimu zaidi ni hizi zinazofuata.

UZITO WA PICHA MOJA

Tuuchukue ule ukuta wa Austin. Kila nukta huhitaji tarakimu tatu, moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Katika kompyuta kila tarakimu hushika baiti moja. Basi picha moja tu ya ukuta mzima, bila kukunjwa wala kupunguzwa, ni baiti milioni 921. Na picha isogee kama sinema haina budi kubadilishwa mara nyingi kwa sekunde. Tuseme mara 30. Hapo tumefika baiti bilioni 27 na zaidi kwa kila sekunde.

Waya wa mtandao wa gigabiti moja, uliokuwa wa kawaida katika miaka ile, hupitisha baiti milioni 125 kwa sekunde, hata ukijitahidi sana. Ndiyo kusema, picha moja ya ukuta ule ingechukua sekunde saba na zaidi kupita katika waya mmoja, na hali tunataka picha 30 kwa sekunde moja. Hapana ujanja wa kumfanya mtu mmoja abebe mzigo huo. Lazima ugawanywe, na swali ni kuugawa kwa namna gani. Waandishi wa programu walipata njia tatu kubwa, na kila njia ina sifa yake na hila yake.

Njia ya kwanza ni kuipa kila kompyuta nakala nzima ya kazi. Kila moja inajua habari zote, lakini inachora sehemu yake tu. Katika waya hupita maneno machache mno: mtazamaji amegeuka kulia, ramani imesogezwa juu. Njia hii ni nyepesi kwa mtandao, ila yataka nidhamu kali. Kompyuta moja ikitazama saa yake yenyewe badala ya saa ya wote, au ikitupa kete yake yenyewe mahali panapotakiwa bahati nasibu, itachora jambo lisilolingana na la jirani yake. Tena kila programu haina budi kuandikwa upya ili iuelewe ukuta.

Njia ya pili ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, kwanza kwa programu iitwayo WireGL mwaka 2001, kisha kwa Chromium mwaka 2002. Wao walikaa njiani. Programu ya zamani hutoa amri zake za kuchora kama kawaida, chora mstari huu, paka rangi ile, ikidhani inazungumza na kioo kimoja. Chromium huzidaka amri hizo, huzichambua, na kuipelekea kila kompyuta zile zinazoihusu sehemu yake. Mwenye programu hana haja ya kubadili neno. Lakini amri zikiwa nyingi kupita kiasi, njia huziba, na ukuta hukwama.

Njia ya tatu ni ya Chicago, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Illinois ambayo tangu mwaka 1992 ilikuwa imekwisha kujulikana kwa chumba chake cha picha kiitwacho CAVE. Programu yao ya SAGE ilielezwa hadharani mwaka 2004, ndani ya mradi mkubwa ulioitwa OptIPuter ulioongozwa na Larry Smarr wa San Diego. Katika SAGE picha yaweza kuchorwa mahali popote, hata mji mwingine, na nukta zake zikatiririshwa hadi ukutani kwa nyaya za kasi. Ukutani picha hiyo hukaa kama karatasi juu ya meza. Ukiisogeza kutoka kushoto kwenda kulia, programu hutambua mara moja ni kompyuta zipi sasa zimeiangukia, nayo huzigeuzia mkondo wa nukta. Watu watano waweza kuleta picha tano na kuzipanga pamoja. Gharama yake ni mtandao mpana, lakini katika njia hii lile baraza tulilolitaja limepewa makao.

KUNGOJANA

Kugawana kazi peke yake hakutoshi. Hata kila kompyuta ikichora vizuri sehemu yake, iko hatari ya kuonyesha kwa nyakati mbalimbali. Fikiri picha ya ndege ikiruka toka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwisho wa pili. Kompyuta moja ikichelewa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, pua ya ndege itakuwa imekwisha kutangulia na kiwiliwili kimekatika nyuma. Jicho la binadamu halisamehe kosa hilo.

Dawa yake ni kungojana. Kila kompyuta huchora picha yake kwanza mahali pa siri, ndani ya kumbukumbu yake, wala haionyeshi. Ikimaliza, hutoa habari ya kuwa i tayari, kisha hungoja. Zote zikiisha kuwa tayari, amri moja hutolewa, nazo hufunua pamoja. Kisha zote huanza picha ya pili, tena na tena, mara 30 kwa sekunde. Waliovuta makasia katika mashua moja wanaijua habari hii: nguvu za mvutaji mmoja zikienda peke yake huipindisha mashua tu, na mwenye kuhesabu mapigo ana kazi kubwa ijapokuwa hakushika kasia.

Lakini kungojana kuna bei yake, nayo haifichiki. Kundi zima huenda kwa mwendo wa yule wa mwisho. Kompyuta 20 zikiwa zimemaliza na moja bado, zile 20 hukaa bure. Na mara nyingi yule wa mwisho si mvivu wala si mbovu. Ni kwamba sehemu aliyopewa ndiyo yenye mambo mengi. Katika picha ya mji, mwenye kuchora anga humaliza upesi, na mwenye kuchora mitaa iliyosongamana huchelewa. Kumlaumu huyo ni kumwonea.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, katika programu iitwayo Equalizer iliyoandikwa na Stefan Eilemann na wenzake, walilishika jambo hili kwa haki. Programu yao hupima muda ambao kila mmoja ametumia kwa picha iliyopita, na kwa picha ifuatayo hugawa mzigo upya. Mwenye anga hupewa kusaidia kuchora mitaa, na akimaliza humpelekea mwenzake nukta zilizo tayari. Kasi ya ukuta huongezeka, wala hakuna mashini mpya iliyonunuliwa. Msomaji aliyepata kufanya kazi ya kikosi, ya kiwandani au ya bandarini, hatahitaji tumweleze zaidi.

Liko tena jambo la kingo. Vioo vikipangwa, kati ya kioo na kioo hubaki ukanda mweusi wa fremu. Wasuka mikeka wanalijua tatizo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa: ukili husukwa vipande vipande kisha hushonwa, na aliye fundi huhakikisha ya kuwa maua yanakutana penye mshono. Programu za ukuta hufanya vivyo hivyo kwa kuchagua moja katika mambo mawili. Ama huhesabu ya kuwa nyuma ya ukanda mweusi kuna sehemu ya picha iliyofichika, kama mti unavyofichwa na nguzo ya dirisha. Hapo mstari wa barabara katika ramani hupita sawasawa kutoka kioo hiki hadi kile. Ama hukataa kuficha chochote, nukta zote zionekane. Hapo mstari huvunjika kidogo, lakini maneno hayapotezi herufi. Kwa ramani la kwanza ni bora, kwa maandishi la pili. Uchaguzi huo hauwezi kufanywa na kioo. Hufanywa na mtu aliyekaa akafikiri watu wengine wataona nini.

NANI ATAITUNZA?

Sasa tufike penye kiini cha neno letu. Kioo huzeeka. Baada ya miaka kadhaa nuru yake hufifia, kimoja hufa, na kiwanda kimekwisha kuacha kutengeneza vya namna ile. Kompyuta nazo hupitwa na wakati upesi. Katika chombo kizima sehemu iwezayo kuishi miaka mingi ni programu, lakini kwa sharti moja, kwamba pawe na watu wa kuitunza. Mfumo wa kompyuta chini yake hubadilika, kadi za picha hubadilika, na programu isiyoguswa na mtu hufa ijapokuwa haina kidonda.

Tuangalie ushahidi. Chromium ya Stanford ilisifiwa sana na kutumiwa mahali pengi, kisha waandishi wake wakaenda kwenye kazi nyingine, na ikaachwa. Lakini kwa kuwa ilikuwa programu huria, yaani maandishi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyabadili, haikuzikwa nayo. Waandishi wa VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta moja ndani ya nyingine, waliichukua na kwa miaka mingi wakaitumia kupitisha amri za kuchora. Huko Austin nako, wataalamu wa kituo cha Chuo Kikuu cha Texas waliandika programu ya ukuta wao iitwayo DisplayCluster, wakaieleza hadharani mwaka 2012. Watu wa mradi wa Blue Brain, huko Uswisi, waliichukua, wakaijenga upya kwa haja zao na kuiita Tide. Mti ulipandwa Texas, chipukizi likaota milimani Ulaya, wala hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa kwa mwenye duka.

Njia nyingine ilifuatwa Irvine, ambako kazi ya chuo ilizaa kampuni, Hiperwall, iuzayo programu za kuta kwa wenye kuzihitaji. Hatuilaumu njia hiyo. Mtu aliyelipwa hutunza, na mnunuzi hupata wa kumwita ukuta ukigoma usiku. Ila mnunuzi na ajue amefunga ndoa ya namna gani: akipenda kubadili jambo ndani ya programu, hana budi kumngoja mwenyewe.

Na SAGE je? Hii ndiyo iliyodumu zaidi, na sababu yake ni wazi. Maabara ya Chicago haikuiacha. Wakati vivinjari vya intaneti vilipopata nguvu za kutosha, walikaa wakaandika programu mpya kabisa juu ya msingi huo, wakaitoa kwa jina la SAGE2 mwaka 2014; mtu huja na kompyuta yake ya mkononi, hufungua kivinjari, na kuweka picha yake ukutani. Baadaye, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Hawaii kilichoko Mānoa na Virginia Tech, wakaendelea na SAGE3, ambayo humwezesha hata aliye mbali na ukuta kushiriki katika ubao ule ule. Vioo vya mwaka 2004 viko wapi? Vimekwisha kutupwa. Wazo lingali likifanya kazi, kwa kuwa watu wamelipwa, mwaka baada ya mwaka, walitunze.

Twajua wako watakaotupinga. Watasema: leo kioo kimoja cha kawaida kina nukta milioni 8 na zaidi, kwa hiyo vioo 37 tu hukaribia kulingana na vile 75 vya Austin, na kompyuta moja yenye kadi kadhaa za picha yaweza kuendesha vioo vingi bila kundi lolote. Basi mapatano ya nini? Neno hilo lina ukweli ndani yake, na mahali penye ukuta mdogo kompyuta moja yafaa itumike, kwa maana ni upumbavu kuajiri makasia kumi kwa mtumbwi wa mtu mmoja. Lakini mapatano yaliyo magumu kupita yote hayakuwa ya kioo na kioo. Ni ya watu. Mmoja analeta ramani, wa pili jedwali la hesabu, wa tatu yuko mji mwingine, na wote wataka kuona na kusema juu ya jambo moja. Kadi ya picha haikusaidii hapo, hata ingekuwa na nguvu namna gani.

Wako pia wasemao ya kuwa kuta hizi ni mapambo ya kuonyeshea wageni. Hili nalo laweza kuwa kweli, wala hatutalificha. Ukuta usio na kazi ni pambo ghali linalokula umeme na kutoa joto. Kipimo chake ni rahisi: ulizeni unawashwa saa ngapi siku ambayo hapana mgeni. Na mara nyingi mkiukuta umezimwa, hamtakuta kioo kilichovunjika. Mtakuta fundi aliyekuwa akiijua programu amemaliza mkataba wake akaondoka, na hakuna aliyeajiriwa badala yake.

NENO LETU

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila chuo, kila idara na kila shirika litakalofikiri kujenga chombo cha namna hii, popote lilipo. Kwanza, kabla ya kuuliza vioo vingapi, waulize kazi gani, na ni nani watakaosimama mbele yake kila siku. Pili, wadai kupewa maandishi ya programu, ama wajue wazi ni kwa sababu gani wamekubali kuyakosa. Tatu, na hili ndilo kubwa, katika karatasi ile ile inayoomba fedha za vioo waandike mshahara wa mtu atakayeitunza programu, si kwa mwaka wa uzinduzi tu, bali kwa miaka yote ambayo ukuta unatazamiwa kuishi. Kama mshahara huo haupatikani, afadhali wapunguze vioo kuliko kumpunguza mtu.

Na kwenu, wafanyakazi wasomaji wetu, twasema hivi. Katika kila mtambo mtakaopelekwa kuuona, mpeni heshima aliyeununua, lakini ulizeni jina la anayeupatanisha. Pengine yuko chumba cha nyuma, mbele ya kioo kimoja kidogo, akitafuta kwa nini kompyuta moja katika 20 imechelewa kusema i tayari. Watu watakapopiga makofi mbele ya ukuta, yeye hatakuwapo kuyasikia. Makofi yale ni yake pia, na mshahara wake usije ukawa wa kwanza kukatwa.